Dakika 28 za Nani? Wastani, Kengele Mbili na Takwimu za Miradi Yetu

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya wasomaji wa jarida hili.



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii, ingawa ni saa ya baada ya chakula cha mchana. Najua kwamba neno "takwimu" huleta usingizi hata kwa mtu ambaye hajala. Nimeombwa nieleze namna ya kuchora takwimu za miradi yetu kwa kompyuta, hasa pale ambapo ndani ya takwimu moja kuna makundi mawili ya watu. Nitafanya hivyo. Lakini kabla ya kompyuta naomba niungame kosa langu moja, kwa sababu mada yote imetoka humo.

RIPOTI NILIYOIANDIKA

Miaka kadhaa iliyopita tulikamilisha mradi wa maji ya mserereko katika kijiji ambacho leo sitakitaja. Wakati wa tathmini, makarani wetu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja: kwenda bombani, kusubiri foleni na kurudi nyumbani, mnatumia dakika ngapi? Nilijumlisha majibu yote, nikagawanya kwa idadi ya kaya, nikapata wastani wa dakika 28.

Nilifurahi sana. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika kupima huduma ya msingi ya maji, wanataka safari nzima pamoja na foleni isizidi dakika 30. Sisi tulikuwa na 28. Nikaandika katika ripoti kwamba lengo limefikiwa. Wafadhili walitupongeza, na fedha za awamu ya pili zikaelekezwa kijiji kingine.

Nilipokwenda kuwasomea wanakijiji ripoti ile, mama mmoja mjumbe wa kamati ya maji, mtu wa umri wa mama yangu, alinyoosha mkono. Akasema: "Mratibu mwanangu, samahani. Huyo anayetumia dakika 28 anakaa wapi? Maana sisi wa ng'ambo ya kilima hatumjui, na hawa wa hapa bombani nao hawamjui."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Usiku ule nilizitoa fomu zote na kuzipanga mezani kuanzia dakika chache hadi dakika nyingi. Yule mama alikuwa amesema kweli. Hakukuwa na kaya hata moja ya dakika 28, wala ya karibu na hapo. Robo tatu ya kaya, zile za upande wa bomba, zilitumia kama dakika 10. Robo iliyobaki, ng'ambo ya kilima, ilitumia kama dakika 80. Fanyeni hesabu wenyewe: robo tatu ya 10 ni 7.5, robo ya 80 ni 20, jumla ni 27.5. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Ila haikumweleza mtu yeyote aliye hai katika kijiji kile.

Ndugu zangu, watu wa ng'ambo ya kilima walisubiri zaidi ya mwaka mmoja hadi tulipopata fedha nyingine. Hakuna mtu aliyeiba, wala aliyedanganya. Walifichwa na wastani. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti: sitaandika wastani wowote kabla sijachora.

KENGELE MOJA

Tunachora nini? Tuanze na kitu mnachokifahamu. Ukipima urefu wa wanaume wazima wa kijiji kimoja, wengi watakuwa karibu na kimo cha katikati, wachache watakuwa wafupi sana na wachache warefu sana. Ukichora, unapata umbo la kengele: limeinuka katikati na kushuka taratibu pande zote mbili. Wataalamu huliita umbo hili mgawanyo wa kawaida.

Ili kuchora kengele ya namna hii unahitaji namba mbili tu. Ya kwanza ni wastani, unaosema kilele kiko wapi. Ya pili ni kipimo cha mtawanyiko, kinachosema kengele ni nyembamba au pana. Katika kengele halisi, kama watu 68 kati ya 100 huwa ndani ya mtawanyiko mmoja kwenda kushoto au kulia kwa wastani.

Jambo la tatu la kukumbuka ni kwamba eneo lote lililo chini ya mstari huhesabiwa kuwa 1, yaani watu wote. Kwa hiyo mchoro huu hausemi "watu wangapi" kwa kimo cha mstari, bali kwa eneo lililo chini yake. Ndiyo maana huitwa mchoro wa msongamano. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Wastani humweleza vizuri mtu wa kawaida pale tu kengele inapokuwa moja. Zikiwa mbili, wastani unaweza kuangukia bondeni, mahali ambapo hakuna mtu.

CHEMCHEMI YA YELLOWSTONE

Sikutaka kujifunzia juu ya takwimu za kijiji kile peke yake. Nilitafuta mfano unaojulikana duniani, ambao kila mmoja anaweza kuurudia na kupata majibu yale yale.

Katika hifadhi ya Yellowstone, nchini Marekani, kuna chemchemi ya maji moto iitwayo Old Faithful. Maji hayabubujiki tu kama katika chemchemi zetu. Hutulia, kisha huruka juu kwa nguvu kwa dakika chache, kisha hutulia tena. Watalii hukaa kusubiri. Vipo vipimo vya zamani vya misubiriko 272, na vimewekwa ndani ya programu ya takwimu iitwayo R ili kila mwanafunzi ajifunzie.

Wastani wa kusubiri katika vipimo hivyo ni karibu dakika 71. Mtu angeweza kuandika kwenye bango: "Subiri dakika 71." Lakini tazama hesabu zenyewe. Misubiriko ya dakika 51 hadi 55 ilikuwa 33. Ya dakika 81 hadi 85 ilikuwa 55. Na ya dakika 66 hadi 70, jirani kabisa na wastani, ilikuwa 10 tu! Kama tungechora kengele moja yenye wastani wa 71 na mtawanyiko wake wa karibu 13.6, ingetuambia tutegemee kama 39 mahali hapo. Kengele moja inaweka kilele palepale penye bonde.

Sababu inajulikana. Chemchemi ile ikiruka kwa muda mfupi, kama dakika mbili, msubiriko unaofuata huwa mfupi. Ikiruka kwa muda mrefu, dakika nne au zaidi, hutumia maji na joto jingi zaidi, hivyo huchukua muda mrefu kujiandaa tena. Haya ni makundi mawili ya misubiriko yaliyoandikwa katika daftari moja.

JINSI YA KUCHORA

Programu ya R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, na toleo la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000. Nawatajia kwa sababu moja kubwa: ni ya bure. Usharika wenye kompyuta moja ya ofisi unaweza kuiweka bila kuomba bajeti kwa mtu yeyote. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, chora nguzo. Amri yake ni hist. Iambie ichore kwa msongamano na si kwa idadi. La sivyo nguzo zitakuwa ndefu mno, na mstari utakaouchora baadaye utalala chini usionekane.

Pili, tafuta namba tano. Kwa kila kengele unahitaji wastani na mtawanyiko, hizo ni nne. Ya tano ni sehemu ya kundi la kwanza katika jumla. Sehemu ya kundi la pili ni ile inayobaki ili kutimiza 1. Kwa Old Faithful, kundi la kwanza ni 0.36 ya misubiriko yote, wastani wake dakika 54.6. Kundi la pili ni 0.64, wastani wake dakika 80.1. Mtawanyiko wa kila moja ni karibu 5.9.

Tatu, zidisha kila kengele kwa sehemu yake, kisha jumlisha. Katika R kengele moja huitwa dnorm, na mstari mzima huandikwa hivi:

curve(0.36*dnorm(x, 54.6, 5.9) + 0.64*dnorm(x, 80.1, 5.9), 40, 100)

Isomeni pamoja nami: sehemu 0.36 ya kengele ya kwanza, ongeza sehemu 0.64 ya kengele ya pili, chora kuanzia dakika 40 hadi 100. Ndivyo ilivyo, hakuna uchawi. Ukitaka mstari ukae juu ya nguzo ulizokwisha kuchora, ongeza add=TRUE mwishoni mwa amri, kabla ya kufunga mabano. Utaona vilima viwili na bonde katikati. Mchanganyiko huu unatabiri kama misubiriko 10 au 11 kati ya dakika 66 na 70. Iliyoonekana ilikuwa 10.

Mtauliza, namba tano zinapatikanaje kama hatujui nani yuko kundi gani? Mwaka 1894 Mwingereza Karl Pearson alichapisha uchambuzi wa vipimo vya kaa 1,000 kutoka Naples, Italia, alivyopewa na mwenzake Weldon. Upana wa paji lao haukutoa kengele nzuri. Mchoro ulilala upande mmoja. Pearson alidhani ni mchanganyiko wa aina mbili za kaa, akazitafuta kengele mbili kwa mkono, kazi iliyomlazimu kufumbua mlinganyo wa daraja la tisa. Mwaka 1977 Dempster, Laird na Rubin walitoa maelezo ya jumla ya njia ambayo kompyuta huitumia hadi leo: inakisia kengele mbili, inakadiria kila kipimo kina uwezekano gani wa kuwa wa kengele ipi, inahesabu wastani upya, na kurudia hivyo mpaka namba zinapotulia. Katika R, kifurushi kiitwacho mixtools hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi, nacho ni cha bure.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kusahau kuzidisha kwa sehemu. Ukijumlisha kengele mbili nzima, eneo linakuwa 2, kana kwamba kijiji kina watu mara mbili ya walivyo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kilima kifupi ni watu wachache. Hili ndilo linalonigusa zaidi. Tuchukue kijiji changu kwa namba za mfano. Kundi la karibu ni 0.75, wastani dakika 10, mtawanyiko 3. Kundi la mbali ni 0.25, wastani dakika 80, mtawanyiko 15, kwa kuwa nyumba zao zimetapakaa. Ukichora, kilima cha watu wa bombani kitakuwa kirefu mara 15 kuliko cha watu wa ng'ambo! Kumbe watu wa ng'ambo ni pungufu mara tatu tu. Kilima chao ni kifupi kwa sababu kimetandazwa. Kwa hiyo hata mchoro unaweza kuwaficha wale wale waliofichwa na wastani, tukiutazama haraka. Tazameni eneo, na andikeni sehemu ya kila kundi pembeni ya mchoro.

Kosa la tatu ni kutegemea kwamba makundi mawili lazima yatoe vilima viwili. Sivyo. Makundi mawili yaliyo sawa kwa ukubwa na kwa mtawanyiko hutoa vilima viwili pale tu wastani zao zinapoachana kwa zaidi ya mitawanyiko miwili. Zikikaribiana zaidi ya hapo, unaona kilima kimoja kipana. Kwa hiyo usipoona bonde, usiseme hakuna makundi. Uliza kitongoji kwa kitongoji.

Kosa la nne ni kinyume chake: kuona vilima visivyokuwepo. Watu wetu wengi hawatembei na saa. Ukiuliza muda, utaambiwa "nusu saa" au "saa nzima". Majibu yatarundikana kwenye 30 na 60, na kompyuta itakuonyesha vilima viwili vizuri sana. Hayo si makundi ya watu, ni mazoea ya kusema. Ikiwezekana, karani atembee safari moja na mchota maji, akiwa na saa yake.

La mwisho, kompyuta ikiambiwa itafute kengele mbili, itazileta mbili. Ikiambiwa tatu, italeta tatu. Mchoro uliolala upande mmoja, kama ule wa kaa, unaweza kutokana na makundi mawili, na unaweza pia kutokana na kundi moja ambalo kwa asili limeegemea upande. Mstari kukaa vizuri juu ya nguzo si ushahidi kwamba makundi yapo. Mchoro unakuambia uende ukaulize. Ukishafika huko, wenye jibu ni watu wenyewe. Mimi sikuambiwa na kompyuta kwamba kuna kilima kijijini. Niliambiwa na yule mama. Mchoro ungenisaidia tu kumfikia mapema zaidi.

OMBI LANGU KWA KAMATI ZA SHARIKA

Nawaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

Mosi, msituletee wastani peke yake. Tuleteeni jibu la kila kaya kama lilivyoandikwa siku ile. Ukishajumlisha na kutupa fomu, hakuna programu duniani itakayowarudisha watu waliomo ndani ya wastani.

Pili, kwenye kila fomu andikeni kitongoji, na upande wa mto au wa kilima. Makundi mengi tunayohangaika kuyatafuta kwa kompyuta yanajulikana na kila mtoto wa kijiji. Yakiandikwa tangu mwanzo, tunachora kila moja kwa rangi yake na kazi imekwisha.

Tatu, msiione kompyuta kuwa kikwazo. Wenye nayo watumie hatua nilizozitaja. Wasio nayo wachukue karatasi ya mirabaraba, waweke nukta moja kwa kila kaya juu ya namba ya dakika zake. Nukta zikipandana mahali pawili, mmeona nilichokishindwa mimi mwenye shahada. Kisha kisomeni mchoro hicho mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya kutuma ripoti, si baada.

OMBI LANGU KWA MARAFIKI WANAOTUSAIDIA

Ndugu wageni, nanyi naomba mnivumilie. Fomu zenu nyingi za taarifa zina kisanduku kimoja cha namba moja. Mratibu aliyechoka, saa nne za usiku, ataandika wastani na kufunga bahasha. Nami nilifanya hivyo. Tunaomba mtuachie nafasi ya mchoro mmoja mdogo, na mtuulize swali alilouliza yule mama: huyu mtu wa wastani anakaa wapi? Msishangae mkiona kwamba mradi ulioitwa umefanikiwa una kilima cha pili, kifupi na kipana, upande wa kulia wa karatasi. Tusiposhangaa wala kulaumiana, tutaweza kukisema mapema.

Kijiji kile sasa kina bomba upande wa ng'ambo. Tulipouliza tena, tulichora kabla ya kujumlisha. Vilima viwili vilikuwa vimesogeleana, lakini havijawa kimoja bado. Wapo wachache wa juu kabisa ambao safari yao ni ndefu. Safari hii wameandikwa kwenye ripoti, na mahali wanapokaa pametajwa.

Nawashukuru kwa kutosinzia. Mwenye swali na aulize. Na mwenye fomu za zamani kabatini, asizichome moto. Tutazichora pamoja.